Mzinga Uliolia Kabla ya Jua

Wiki iliyopita mliniacha ukingoni mwa kwari, lile shimo la kuchimbia mawe, utambi umeshika moto, na mimi nimejiona mfalme. Kama hukusoma, nitakupa kwa kifupi, maana yaliyofuata ni mengi na hayana subira.

Mimi ni Murjan, Mnubi wa Makina, hapa Kibra. Nilirudi kutoka vita vya Burma na ujuzi mmoja tu, ujuzi wa baruti. Mzungu mwenye kwari, yule tuliyempachika jina Bwana Kiraka kwa ajili ya suruali yake, akaniandika kazi. Nyapara mkuu wakati ule alikuwa Nderitu. Kifua kikamshinda, akarudishwa kwao Nyeri akikohoa, na nafasi yake ikabaki wazi. Tulioitaka tulikuwa wawili: mimi, na Naftaly wa Kawangware, mtoto wa Mzee Gerishon mwenye mashamba, mzee wa kanisa.

Usidhani unyapara mkuu ni kitu kidogo. Kwa mtu mweusi pale kwari hakukuwa na cheo juu ya hicho. Juu yake yuko Kalasinga wa mashine, na juu ya Kalasinga yuko Bwana mwenyewe. Nyapara mkuu hapigi nyundo. Ana nyumba ya mawe pale juu, vyumba viwili na mlango wa kufuli, na hafukuzwi asubuhi kwa sababu mtu ameamka vibaya. Sisi Wanubi, watoto wa askari, tulipewa Kibra kwa mdomo tu, na kilichotolewa kwa mdomo hurudishwa kwa mdomo. Mimi nilitaka mahali pa kusimama.

Mwezi ulikuwa wa Ramadhani, tena Ramadhani ya Julai, baridi na mawingu kutwa kucha. Jua hulioni likichwa. Wanaokaa mabondeni hawasikii adhana. Wazee wakanijia, nami nikamwendea Bwana Kiraka nikamwomba baruti ya jioni isipigwe tena alasiri, ipigwe magharibi, iwe ndiyo mzinga wetu wa kufuturu. Akakubali, kwa faida yake. Saa hiyo kwari ni tupu, watu wako ndani, na mawe yakiruka juu ya mabati hakuna wa kwenda kumshtaki kwa Disii, mkuu wa wilaya.

"Wewe nafunga mdomo ya Kibra," akaniambia, "wewe napata kazi ya Nderitu."

Kazi tuliigawa hivi. Kwari ni shimo, ukiwa pale huoni Ngong wala jua. Kwa hiyo baba mkwe wangu, Mzee Hamdan, sajini wa zamani, alisimama jioni kwenye kichuguu nyuma ya msikiti. Jua likizama, anainua mti wenye kitambaa cheupe. Nikikiona tu napuliza filimbi, nawasha utambi, najificha. Mlio ukisikika, Makina nzima inakunywa maji.

Zaidi ya nusu ya mwezi ilikwenda vizuri. Wanaume waliokuwa hawanijibu salamu wakaanza kuniita bwana mzinga.

Sasa tuingie ndani.

Jioni ile nilikiona kitambaa. Kiliinuka, kikayumba, kikashuka. Nikapuliza, nikawasha, mwamba ukalia. Nikatoa tende mfukoni nikaila, nikashushia maji, nikamshukuru Mungu.

Maji hayajafika tumboni, ndiyo kwanza natoka shimoni, wingu la Ngong likapasuka na jua likatokea. Lilikuwa zima, jekundu, halina haraka yoyote.

Nilipopanda Makina nilikuta watu wamesimama nje na vikombe mikononi. Bibi mmoja alikuwa anatema uji kwenye vumbi, anatema tena, kana kwamba mfungo utarudi. Mwadhini ameshaadhini, na kivuli cha msikiti bado kirefu uwanjani. Walinitazama tu, na mimi nikatamani ule mwamba ungeniangukia.

Mzee Hamdan akatokea nyuma ya msikiti, miguu inamchuruzika maji ya udhu. Akasema mbele ya wote kwamba yeye hakuinua mti. Aliuegemeza kwenye ua akaenda kutawadha, na akiwa huko akasikia baruti, akajiuliza mkwewe amepatwa na nini.

Nikasema nimekiona kitambaa. Akasema hakuinua. Mimi nimeona, yeye hakuinua. Mzee mmoja akanong'ona kwamba labda macho ya Hamdan yamechoka na kumbukumbu imeyafuata. Hamdan, mzee wa watu, akasikia. Akasema macho yake huenda yamechoka, lakini mkono wake anaujua uliko. Sauti ilimtetemeka, na sikuwahi kuisikia ikitetemeka.

Imamu akatuliza watu. Aliyekula kwa kudhani jua limekuchwa hana dhambi, akasema, ila siku hiyo atailipa baada ya Idi. Lakini aliyefanya mchezo huu, huyo ana lake na Mola wake.

Habari zilimfikia Bwana Kiraka kabla ya chai yake ya asubuhi. Wazee walikuwa tayari wanazungumza kwenda kwa Disii, na kelele za Kibra ndizo alizonipa kazi nizizime. Akatuita mimi na Naftaly. Alisema kwa Kiswahili chake kile kwamba mambo ya jua letu hayamhusu, yeye anataka kujua nani kacheza na baruti yake. Ijumaa atakuja Makina mwenyewe. Akiwa ni Murjan, kazi ni ya Naftaly. Akiwa ni Naftaly, kazi ni ya Murjan.

Mimi si mtu wa kumshuku mwenzake bure. Lakini niambie, ungekuwa wewe ungemshuku nani?

Juma lililotangulia Naftaly aliniuliza ile ishara inakwendaje, akacheka, akasema mji mzima unangoja tambara la mzee. Siku ile ya maafa alitoka kazini mapema bila kuaga. Na mvunja kokoto mmoja akaniapia kwamba alimwona anapita Makina kabla ya magharibi, kola ameipandisha, anatembea karibu na ua kama mtu asiyetaka kuonekana. Mkristo wa Kawangware, saa ya kufuturu, Makina, anatafuta nini? Futari?

Nilimshtaki palepale kwari, wafanyakazi wote wakisikia. Baba yake alikuwa amekuja kutazama mawe ya kujengea, naye akasikia.

Nilitegemea Naftaly atanirukia. Hakuruka. Alisema tu kwamba hakugusa mti wetu. Nikamuuliza, basi ulikuwa wapi? Akanyamaza. Nikauliza tena. Akamtazama baba yake, kisha akatazama viatu vyake.

Mzee Gerishon aliwaka. Akasema mwanawe amelelewa kwa Biblia na ataapa kwa Biblia. Na huyu Mnubi kama ana uhakika, aape kwa kitabu chake, uwanjani kwao, mbele ya watu wake. Wazee wetu walipoambiwa wakakubali. Ijumaa, kabla ya swala, msahafu na Biblia meza moja.

Nilifurahi, sitaficha. Mtu anayenyamaza akiulizwa alikuwa wapi, huyo kesi imemwisha. Nilipita pale kwenye nyumba ya nyapara nikaangalia madirisha. Nikaona pazia la Suad litakaa wapi.

Suad ni mke wangu, binti wa Mzee Hamdan. Jioni nilimsimulia. Alikuwa anasuka tabaga, ule mfuniko wetu wa chakula wa ukindu wa rangi, na mkono ukasimama.

"Utaapa kwamba umemwona yeye?"

Nikamwambia nitaapa kwamba hakuna mwingine. Akasema hilo si jibu la alichouliza. Nikamwambia asinichoshe, nimefunga. Kisha akauliza kama nyapara mpya naye ataingia shimoni wa kwanza baruti ikishalia, kama alivyokuwa akifanya Nderitu. Nikasema bila shaka. Nyapara ndiye anayeingia kwanza kupima mwamba uliolegea na kutazama kama kuna baruti iliyolala bila kulipuka. Ndiyo heshima yenyewe. Akarudi kwenye ukindu wake.

Ijumaa asubuhi, nikiwa nateremka kazini, nikamkuta Naftaly ananingoja kwenye kivuko cha mto. Nikashika jiwe. Unacheka, lakini mtu atakayeapishwa saa chache baadaye, na akakungoja peke yake penye miti, utamwonaje?

Akasema niliweke jiwe chini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa kwa Bakhita," akasema. "Nilikuwa nakunywa."

Bakhita ni bibi yetu sote pale Makina, habuba kwa Kinubi, na pombe yake ya moto inajulikana hadi Kawangware na ng'ambo yake. Nikamcheka Naftaly usoni. Nikamwambia ametafuta uongo usiku kucha na huo ndio aliopata. Akasema hana uongo. Baba yake akijua, atasimama madhabahuni Jumapili amtoe kanisani kwa mdomo wake mwenyewe, na shamba atapewa mdogo wake. Ndiyo maana alinyamaza na ndiyo maana atanyamaza tena leo. Lakini hataapa kwa Biblia akiwa ameficha jambo, na asipoapa kazi nitapewa mimi. Basi niichukue, akasema, ila nijue.

Nikazidi kumshuku. Mtu gani anakupa kazi aliyokuwa anaipigania? Nilitaka kumwacha palepale. Lakini neno lake lilinikera njia nzima, hata nikageuza miguu.

Habuba Bakhita nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua sufuria. Nikaona nitamkamata kwanza kwa haya, nikamuuliza kama kweli anauza pombe mwezi mtukufu.

"Mwislamu simuuzii," akasema. "Mkristo mfungo wake sina habari nao."

Naftaly? Ndiyo, alikuwepo. Alikuja jua liko juu, akakaa pale kwenye kigoda, akalia kidogo kuhusu baba yake kama kawaida yake, na baruti ilipolia kikombe kilimtoka mkononi. Habuba akanionyesha kipande cha kigae bado kiko kwenye majivu.

Nikamuuliza basi ni nani, maana kutoka mlangoni kwake kichuguu cha msikiti kinaonekana wazi. Akaendelea kusugua. Nikamuuliza mara ya pili.

"Nilimwona," akasema. "Na sitamtaja, kwa sababu mimi nimekula chumvi ya mama yake. Wewe nenda ukaulize Makina nzima nani hana siku ya kulipa. Anza kwako."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri ni mimi ninayeambiwa.

Nilitembea polepole kwa sababu nilikuwa naogopa kufika. Mimi nina siku ya kulipa. Ndugu yangu anayo. Majirani wote wanayo, na Imamu pia, maana alinywa maji kabla ya kusimamisha swala. Kisha nikakumbuka jioni ile nilivyoingia ndani nimenyong'onyea, nikakuta uji wa Suad umefunikwa haujaguswa, na tende zake zote ziko kwenye sahani. Nikamwambia Mungu amempenda, amemchelewesha na kazi za jikoni. Alifuturu baadaye, jua lilipozama kweli.

Nilimkuta amekaa mkekani. Sikumsalimu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa viapo na machozi. Ile "ni mimi" ilinikalisha chini bila kupenda. Akanieleza yote akiwa amenitazama, na mimi nikiutazama mkeka.

Alikutana na Wakarima, mke wa Nderitu, soko la Kawangware, amekuja kumalizia kuuza vyombo vyao. Nderitu wamemzika. Mwisho alikuwa anakaa tu, hawezi kulala, akilala anazama. Na kabla ya Nderitu nyapara alikuwa Ng'ang'a, naye alikwenda kwa kifua hichohicho. Wakarima akamwambia mpiga nyundo anakula vumbi kidogokidogo juani, na upepo unamsaidia. Nyapara analiendea likiwa bado limesimama shimoni, kila siku, wa kwanza, ili aonekane shujaa.

"Nilikuambia," Suad akasema. "Ukanijibu mwanamke anajua nini kuhusu mawe."

Ni kweli nilimjibu hivyo. Nilimjibu vibaya zaidi ya hivyo.

Basi akaona kinachonipa kazi ni mzinga, na mzinga ukiharibika kazi itaharibika. Alipita na ndoo, akaukuta mti wa baba yake umeegemea ua na mwenyewe hayupo. Akapanda nao kichuguuni, akauinua. Nikamuuliza kama alifikiri kuhusu mji mzima uliokuwa na njaa, kuhusu wazee, kuhusu mwezi wenyewe.

"Nilifikiri. Wao walikosea, hawana dhambi, dhambi ni yangu." Akavuta pumzi. "Siku ya funga inalipwa, Murjan. Mume halipwi."

Hasira zilinipanda hata masikio yakavuma. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya watu. Nilimwambia amenichukulia kitu nilichokifuata tangu nivue magwanda ya jeshi, na amekichukua kwa mgongo wangu, kama mwizi. Akapokea yote. Lakini nilipomwambia kwamba amemfanya baba yake aitwe kipofu aliyerukwa na akili, hapo uso ulimharibika. Alidhani watasema mzee kasahau na watamsamehe, akasema. Hakujua kwamba baba yake atasimama na kukana. Akalia, na mimi nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja. Hali hiyo simwombei hata adui.

Nje mtu akaniita. Wazee wamekaa na Bwana amefika.

Uwanja ulijaa. Bwana Kiraka amekalia kiti cha Imamu, kofia magotini, funguo za stoo ya baruti zinaning'inia kidoleni. Mzee Gerishon amevaa koti la Jumapili siku ya Ijumaa. Naftaly yuko pembeni yake, amekauka. Mezani msahafu umefungwa kwa kitambaa cha kijani, na Biblia iko kando yake. Wanawake wamesimama nyuma, kwenye ua.

Kabla sijafika mezani, Mzee Hamdan alinishika mkono akanivuta kando.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "sema ni macho yangu. Sema mzee aliinua mapema akasahau. Mimi sina cheo cha kupoteza. Mwache huyo kijana wa watu, na wewe uchukue kazi yako."

Mzee ambaye juzi alikana mbele ya mji mzima, leo anaomba aitwe kipofu. Nikamshuku. Nilikuwa nimefika mahali pa kumshuku hata yeye.

"Baba, kuna mtu ulimwona?"

Hakunitazama. Alitazama kule walikosimama wanawake, akatazama kwa muda.

"Macho yangu si mazuri," akasema, akaniachia mkono.

Nikaenda mezani. Nikimtaja Naftaly, nimeapa uongo juu ya msahafu na nimemzika mtu aliyenieleza siri yake. Nikimtaja mzee, naye ameniruhusu, napata funguo, nyumba, vyumba viwili, na vumbi la Nderitu. Nikisema kweli, mke wangu atatembeaje tena Makina? Na kwa kuwa kosa limetoka nyumbani kwangu, kazi itakwenda Kawangware kabla ya swala, kwa mtu ambaye hata asubuhi hii alishaitoa.

Nitakuambia ukweli ulioniuma kuliko yote. Mwanamke yule alihatarisha roho yake ili nibaki hai, na mimi nimesimama pale, mkono uko hewani, na bado nazitaka zile funguo.

Bwana Kiraka akazitikisa.

"Mimi hapana taka shauri mrefu," akasema. "Sema nani, halafu shika fungulo."

Imamu akafungua kitambaa cha kijani. Nikaweka mkono wa kuume juu ya msahafu, nikasema Bismillahi, nikavuta pumzi ya kusema jina. Lilikuwa jina la Hamdan. Lilishafika mdomoni.

Nyuma yangu, upande wa wanawake, nikasikia watu wanasogea kumpisha mtu. Kisha nikaisikia sauti ya Suad, haikuwa kubwa, ikimwambia Imamu angoje.

Uwanja mzima ukageuka. Mimi sikugeuka.